Uso wa Mgude na Kamba Nne

Hapo zamani, si zamani ile ya majini na mazimwi, bali zamani ya juzijuzi tu ambapo watu waliteka maji kwa kamba na kutukanana kwa nyimbo, palikuwa na mji uitwao Kidundu. Sogeeni karibu. Anayesinzia akalale kwao sasa hivi, kwa sababu nikifika mwisho nitataka kila mmoja wenu anijibu, na sitaki kusikia mtu ananiambia hakusikia vizuri.

Kidundu ulikuwa na mitaa miwili, Juu na Chini, na kisima kimoja. Watu wa Juu walikaa mlimani, watu wa Chini walikaa bondeni, na kisima kilikuwa katikati ili asiwepo wa kusema ni changu. Kuoana, walioana. Kuzikana, walizikana. Lakini kushindana! Walishindana kwa ngoma, walishindana kwa harusi, walishindana hata kwa jogoo wa nani anawika wa kwanza.

Sasa sikilizeni sheria ya kisima, maana hadithi yote inaning'inia hapo. Kando ya kisima lilisimama gogo refu lenye vigingi, na kila nyumba ilikuwa na kigingi chake na kamba yake. Huteki kwa kamba ya jirani, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja. Kamba yako ikiwa pale, wewe ni mtu wa Kidundu. Kamba yako ikikatwa, funga mzigo uhame, kwa kuwa maji mengine yalikuwa mwendo wa siku mbili.

Na kamba ilikatwa kwa kosa moja tu: kukiharibu kisima au chochote cha kisima. Ikitokea hivyo, kamba moja lazima ikatwe. Si mbili, si tatu. Moja! Na mpaka ikatwe, hakuna mtu kuteka, hata kata ya kumnywesha mtoto mchanga. Tena ikatwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijafika utosini. Mmenielewa? Haya, tuendelee.

Mwaka mmoja mitaa yote miwili ilikubaliana jambo, na hilo lenyewe lilikuwa ajabu. Walikubaliana kujenga ukuta nyuma ya kisima, uzuie vumbi lisiingie majini. Wakabeba mawe, wakabeba chokaa vichwani, wazee kwa watoto. Ukuta ukasimama mweupe pee. Kisha wakamwita Fundi Chande, wakamwambia, "Fundi, tuchoree siku maji yalipopatikana."

Fundi Chande alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe, Siwatu, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, hakumwachia mtoto, na tangu siku ile alizungumza zaidi na brashi zake kuliko na watu. Alikaa ukutani miezi miwili. Alichanganya udongo mwekundu, masizi, manjano na chokaa, akachora watu saba wa kimo cha mtu kabisa. Katikati aliweka wawili. Wa kwanza Mgude, mzee wa kale wa Chini, ameshika sululu, anachimba. Wa pili Kisaka, mzee wa kale wa Juu, ameshika sinia la chakula, anawalisha wachimbaji. Ndivyo wazee wote walivyosimulia: mmoja alichimba, mmoja alilisha, maji yakatoka.

Jamani, picha ile! Watu walitoka mbali kuja kuitazama. Na kilichowapendeza zaidi kilikuwa uso wa Mgude, na kilemba chake, na ndevu zake nyeusi, na macho yale mapole. Kulikuwa na bikizee mmoja wa Juu, kila akija kuteka maji husimama akasema, "Huyu Mgude mbona kama nimewahi kumwona?"

"Utamwonea wapi, bibi?" wenzake walimcheka. "Alikufa kabla nyanya yako hajazaliwa!"

Wakacheka, wakateka, wakaenda zao. Nanyi chekeni, lakini wekeni hilo mfukoni.

Ikaja siku ya ngoma ya mavuno. Sasa Chini walikuwa na malenga wao, Mize binti Pazi, msichana mwenye sauti ya kuamsha mji na ulimi usiojua kupumzika. Akapanda juu ya kinu, akaweka mkono kiunoni, akaanza:

*Mgude kashika sululu, jasho lamtiririka,*
*Kisaka kashika sinia, mchuzi wamtiririka.*
*Enyi wa Juu, enyi wa Juu,*
*pakueni upesi, wachimbaji wana njaa!*

Lo! Uwanja ulilipuka! Chini waliitikia mpaka vumbi likapanda. "Pakueni! Pakueni!" Wapo hata wa Juu walioitikia, maana wimbo ulikuwa mtamu, na walikuwa wamekwisha kuzunguka mara mbili ndipo wakatambua kwamba wanaoimbwa ni wao. Picha ile ile waliyoipenda wote, kwa wimbo mmoja tu, ikawa tusi. Tangu dakika ile hakuna mtu wa Juu aliyeweza kumtazama Kisaka na sinia lake bila kusikia mchuzi unamtiririka.

Na mbele ya uwanja alikuwa amesimama Mwinyimvua, kiongozi wa mtaa wa Juu. Mtu mkubwa wa mwili, mkarimu, mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kuwaka. Huyu ndiye aliyekuwa shemeji yake Fundi Chande, kwa kuwa marehemu Siwatu alikuwa dada yake. Tena dada na mama, maana mama yao alikufa Mwinyimvua akiwa anatambaa, na Siwatu ndiye aliyemlea.

Mwinyimvua aliondoka uwanjani huku nyimbo zinamfuata mgongoni. Akapita nyumbani kwake, akanyanyua chungu cha kupikia, akakigeuza chini juu. Masizi tele! Akachukua na mafuta ya ufuta. Akateremka kisimani mchana kweupe, na pale hapakuwa na mtu hata mmoja, wote wako ngomani. Akachovya kiganja mafutani, akasugua chungu, kisha akampaka Mgude. Akapaka paji la uso, akapaka pua, akapaka macho. Alipomaliza, Mgude hakuwa na uso, alikuwa na doa jeusi chini ya kilemba. Mwinyimvua akafuta mkono kwa majani, akarudi nyumbani, akala ugali wake wote.

Haya, wa kwanza aliimba. Wa pili akapaka.

Jua halijazama, ngoma bado inalia, akaja kisimani Bi Mwanakombo. Huyu alikuwa mtunza kisima, mama wa makamo, mjane. Ndiye pekee Kidundu nzima aliyejua kushuka kisimani kukisafisha, kazi aliyorithi kwa mama yake. Na mumewe alikufaje? Aliuawa katika ugomvi wa Juu na Chini. Mnajua waligombania nini? Kidari cha ng'ombe! Ng'ombe wa karamu alichinjwa, Juu wakasema kidari chetu, Chini wakasema kidari chetu, na jioni ile Mwanakombo alikuwa mjane.

Alipoona lile doa jeusi, alisimama akasikiliza. Akasikia ngoma. Akasikia kelele za Chini. Akajua wakishuka pale kunywa maji wataliona, na wakiliona, watarudi nyumbani kuchukua mapanga. Hakumwita mtu. Akafunga kanga kiunoni, akachota majivu, akachota mchanga, akachukua kumbi la nazi, akaanza kusugua. Lakini masizi yaliyochanganywa na mafuta hayatoki kwa kubembelezwa. Akasugua. Akasugua zaidi. Kuna mahali akasita, mkono ukabaki hewani, akatazama ukuta kwa muda. Kisha akasugua tena, safari hii kwa nguvu zake zote, mpaka pakabaki chokaa tupu. Kwa nini alisita? Msiniharakishe, tutafika.

Wacheza ngoma walishuka giza likiwa limeanza kuingia, wamechoka, hawakutazama ukuta. Wakanywa, wakalala. Bi Mwanakombo akadhani ameuokoa mji.

Asubuhi mapema, wa kwanza kufika kisimani alikuwa Fundi Chande. Kila siku alikuwa wa kwanza. Watu walimshangaa, mtu anayeishi peke yake na kamtungi kadogo, haraka ya nini? Siku ile alifika, akainua macho ukutani, na mtungi ukamponyoka. Kilemba kipo. Sululu ipo. Uso hakuna.

Alirudi nyumbani, akaja na sululu ya kweli. Puu! Puu! Mji ukaamka. Puu! Watu wakatoka mbio na nguo za kulalia. Walimkuta amekwisha kumwangusha Mgude, amekwisha kumwangusha Kisaka na sinia lake, na wale watano wengine wanaporomoka vipande vipande. Wanaume wanne walimshika. Hakupigana nao, alikaa chini katikati ya kifusi, akajifunika uso kwa mikono iliyojaa vumbi.

Basi, aliyeimba, aliyepaka, aliyesugua, aliyebomoa. Hao ndio watu wangu wanne. Shikeni majina, sasa moto unawaka!

Jumbe Kiwamba, mkuu wa mji, akafika na kisu cha kisima. Kisu kile hakikukata kitu kingine ila kamba. Akasimama kando ya gogo, akasema, "Kisima kimefungwa. Kabla jua halijafika utosini, kamba moja itakatwa."

"Ya Fundi!" Chini wakapiga kelele. "Tumemkamata na sululu mkononi! Kata!"

"Kata!" Juu wakaitikia, na ilikuwa mara ya pili mitaa ile kukubaliana.

Fundi Chande akainua kichwa. "Kama ni mimi, kateni. Lakini nisikilizeni kwanza. Mimi nimebomoa ukuta uliokwisha kufa. Nilipofika, Mgude hakuwa na uso. Muulizeni aliyemwondoa."

Watu wakatazamana. Ndipo Bi Mwanakombo akapenya katikati ya umati. Akanyoosha mikono. Vidole vimechubuka, na chini ya kucha chokaa nyeupe.

"Kama ni mimi, kateni. Lakini nisikilizeni kwanza. Mimi nimesugua, sikuchafua. Nimekuta uso umepakwa masizi na mafuta. Mngeyaona masizi yale jana jioni, leo tungekuwa tunachimba makaburi. Mimi nimekwisha kumzika mume kwa ajili ya kidari. Nilikuwa nizike na nani tena kwa ajili ya picha?"

"Masizi?" Chini wakanguruma. "Nani kapaka masizi?"

Mtu mwingine angejificha. Mwinyimvua hakuwa mtu wa kujificha, na hilo lazima tumpe. Akatoka mbele, kifua wazi. "Mimi. Kama ni mimi, kateni. Lakini nisikilizeni kwanza. Masizi ni uchafu, na uchafu huoshwa. Mngenijia kwa ustaarabu, ningekuja mwenyewe na ndimu na majivu, taratibu, siku mbili nimemaliza. Sikuvunja, sikukwangua. Nilimpaka Mgude wenu masizi kwa sababu huyu," akamnyooshea kidole Mize, "alimpaka Kisaka wetu mchuzi, mbele ya wake zetu na watoto wetu!"

Mize binti Pazi akaruka. "Mimi? Kama ni mimi, kateni, lakini nisikilizeni kwanza! Mimi nimegusa ukuta kwa mkono upi? Nimeimba! Mlinipandisha kwenye kinu nyinyi wenyewe. Mlisema, Mize, tuchangamshe. Nikawachangamsha. Na nani aliitikia? Nilisikia Chini, nikasikia na Juu. Hata wewe, Jumbe, nilikuona unatingisha kichwa!"

Watu wakacheka, jamani, kiu na hasira na bado wakacheka. Jumbe akakohoa, akajifanya anatazama jua. Nalo jua lilikuwa linapanda. Watoto wameanza kulia maji. Mbuzi wamefika kisimani, wanalia pia. Kina mama wameketi na mitungi mitupu mapajani, na kamba zao ziko pale pale, hazigusiki.

"Basi kosa ni la Mwinyimvua," mzee mmoja wa Chini akasema. "Asingempaka babu yetu Mgude, yasingetokea yote haya."

Fundi Chande akasimama. Vumbi la chokaa lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Akamtazama Mwinyimvua, akasema kwa sauti ndogo, na watu wote wakasogea ili wasikie.

"Shemeji, hukumpaka Mgude."

"Nilimpaka kwa mkono wangu huu!"

"Ulimpaka dada yako."

Umati ukavuma: dada yupi?

"Mliniambia nichore uso wa Mgude," Fundi akaendelea. "Nani hapa anaujua uso wa Mgude? Nilikaa mbele ya chokaa siku tatu, nikifumba macho namwona mtu mmoja tu. Nikamchora Siwatu. Nikamvika kilemba, nikamtia ndevu, nikampa sululu. Hakuna aliyemtambua. Mimi kila asubuhi nilikuja kumwamkia kabla watu hawajafika. Sina kitu kingine chenye sura yake."

Yule bikizee wa Juu akapiga makofi. "Si niliwaambia! Si niliwaambia nimewahi kumwona!"

Hapo ndipo mji ulipoparaganyika. Chini wakashika vichwa: kumbe mwezi mzima wamejivunia binti wa Juu! Juu wakaanza kuchekelea: kumbe mchimbaji ni wetu! Mize akakaa chini pu, wimbo wake wote umemgeuka. Na Mwinyimvua? Mwinyimvua uso ulikuwa umempauka kama majivu. "Unasema uongo, Chande," akasema. "Unasema uongo."

"Juu ya jicho la kushoto," Fundi akasema, "nilichora kovu dogo. La kigae. Ulimrushia wewe, ukiwa na miaka minne."

Mwinyimvua akageuka kuutazama ukuta, na ukuta haukuwapo. Akaanza kupekua kifusi, kipande kwa kipande, mtu mzima yule, kiongozi yule, amepiga magoti mbele ya mji mzima.

"Hutalipata," akasema Bi Mwanakombo. "Ni kweli asemayo Fundi. Nililiona."

Watu wote wakamgeukia.

"Ndevu zilitoka kwanza," akasema. "Chini ya ndevu nikaona kidevu cha mwanamke. Nikatazama vizuri. Chini ya masizi nikaliona jicho na kovu lake. Nilimjua Siwatu, alikuwa shoga yangu, tulitwanga pamoja."

Fundi Chande alimkaribia. "Ulimtambua?"

"Nilimtambua."

"Na ukaendelea kusugua?"

"Nikaendelea." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikukatika. "Ningekuita wewe, ungekuja na watu. Chini wangejua wamedanganywa, Juu wangejua kiongozi wao amempaka masizi maiti wa nyumbani kwake. Ngoma ilikuwa bado inalia, na pombe iko vichwani. Ningemwacha Siwatu ukutani, ningewakuta wangapi wamelala wafu? Nikachagua. Nilimwambia, nisamehe shoga yangu, nikamfuta."

Ee! Mimi nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila nikifika hapa watu wangu wanagawanyika. Kuna anayesema, mama huyu shujaa. Kuna anayesema, mama huyu katili. Nyamazeni kwanza, jua limebakiza vidole viwili!

Jumbe Kiwamba akapaza sauti. "Semeni upesi! Nikate ya nani?"

Mwinyimvua akainuka kifusini, masizi na chokaa mikononi. "Yangu. Kata yangu, Jumbe. Sitaki kusikilizwa tena."

Lakini watu wa Juu wakaruka. "Ukikata ya Mwinyimvua, tunazitungua zetu zote thelathini! Alikosea kwa kutojua anamtukana nani. Na masizi yangeoshwa!"

"Basi ya Bi Mwanakombo," wengine wakasema. "Yeye ndiye aliyeufuta uso, tena kwa kujua."

"Kateni ya Mwanakombo, kisha nani atashuka kisimani kikijaa tope? Wewe? Na kama si yeye, leo ungekuwa na kichwa cha kusemea?"

"Basi ya Fundi. Ametudanganya, akaweka mkewe pahali pa babu yetu. Kisha akabomoa ukuta wetu sote, na watu watano wengine ambao hawakumkosea kitu. Chokaa ile tuliibeba sote!"

"Amefiwa mara mbili, mnataka kumwongezea msiba wa tatu kwa kumfukuza? Na nani mwingine anaweza kutuchorea tena?"

"Sitachora tena," Fundi akasema. "Msinihesabie hilo."

"Basi ya Mize! Bila wimbo, masizi yangetoka wapi?"

"Hakugusa ukuta!" Chini wakalia. "Leo mkimkatia mtu kamba kwa wimbo, kesho mtamkatia kwa kicheko!"

Na Mize, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, safari hii alinyamaza. Alimtazama mtoto mmoja aliyekuwa akilamba ukingo wa kisima uliokauka, akajifunika kanga kichwani, akaanza kulia.

Jumbe hakungoja tena. Akaenda kwenye gogo, akazitungua kamba nne, akazishika kwa mkono mmoja. Kamba ya Mize ilikuwa mpya, bado ina harufu ya makumbi, alikuwa ameisokota mwaka ule ule alipojenga nyumba yake mwenyewe. Kamba ya Bi Mwanakombo ilikuwa imeungwa mahali saba, maana ndiyo aliyoshukia kisimani miaka yote. Kamba ya Mwinyimvua ilikuwa nene, ndefu, ya mtu mwenye wageni wengi. Kamba ya Fundi ilikuwa nyembamba.

Lakini Jumbe alipozitazama vizuri, akaona jambo. Kamba ile nene na kamba ile nyembamba zilikuwa zimefungwa mwishoni kwa fundo moja la namna moja, lililozungushwa mara tatu na kupinduliwa kushoto. Hakuna nyumba nyingine Kidundu iliyofunga hivyo. Siwatu alimfundisha mdogo wake fundo lile utotoni, na alipoolewa akaifunga hivyo hivyo kamba ya mumewe, na mume hakuwahi kulifungua.

Fundi akaliona. Mwinyimvua akaliona. Walitazamana juu ya kifusi, shemeji kwa shemeji.

Jua likafika utosini. Kisu kikashuka. Kamba moja ikakatika, kipande chake kikateleza ukingoni, kikaangukia kisimani, na wote wakasikia kilivyogusa maji. Kisha zamu ya kuteka ikaanza. Watoto walikunywa kwanza, na mtu mmoja akaenda nyumbani kufunga mzigo.

Kamba ya nani? Ninajua. Bibi yangu aliniambia, na yeye aliambiwa na aliyekuwapo. Lakini siwaambii, hata mkinishika miguu, kwa sababu nilipowaambia watu wa juzi, nusu yao waliondoka bila kuniaga, na mke na mume mmoja walirudi nyumbani kila mtu kwa njia yake. Leo Jumbe ni nyinyi. Kisu hiki hapa, kishikeni. Kamba nne ziko mkononi mwenu, mbili zina fundo la Siwatu, watoto wanalia maji, na jua halingoji mtu.

Aliyeimba, na mji mzima ukamwitikia. Aliyepaka, bila kujua ni nani anampaka. Aliyesugua, akijua vema ni nani anamfuta. Aliyebomoa, kwa kuwa alichokipenda hakikuwapo tena.

Je, nani alistahili kukatiwa kamba?